Mshale Ukishatoka: Somo juu ya Kumfuata Mnyama Aliyejeruhiwa

Natumaini taa inawaka vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Msimamizi wa darasa, tafadhali hakikisha kuwa walioketi nyuma nao wanaisikia redio.

Katika somo la leo nitazungumza nanyi juu ya upinde na mshale. Lakini si juu ya kulenga. Nitazungumza juu ya mambo yanayofuata baada ya kulenga, yaani kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Kulenga ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kufuata huweza kuchukua usiku na mchana, na hapo ndipo mwindaji wa kweli hujulikana.

Najua wako watakaouliza: "Mwalimu, sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika. Mambo ya uwindaji yatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Nawaomba mnivumilie. Kabla ya somo kwisha mtaona kwamba mtu anayefuata nyayo anasoma, kama vile ninyi mnavyosoma kitabu. Tena mtaona hasara inayompata mtu anayejua kusoma nyayo lakini hajui kusoma maandishi.

KISA CHA BABU YANGU

Mwaka 1999 nilikuwa mtoto wa miaka 11. Nilikuwa nikikaa kwa babu yangu, baba yake mama, katika kijiji kilicho kando ya msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Babu alikuwa na shamba la maharage kwenye mteremko, na mpaka wa shamba ulikaribiana na msitu. Ilikuwa mwezi wa Juni. Masika yamekwisha, kipupwe kimeanza, nyasi bado ni ndefu, na ukungu ulikuwa ukishuka kila jioni.

Mbawala mmoja dume, ambaye watu wengine humwita pongo, alizoea kutoka msituni giza likianza kuingia, akala maharage ya babu. Babu alikuwa na upinde aliourithi kwa baba yake. Jioni moja, jua limekwisha kutua, alijificha nyuma ya mgomba, akangoja. Mbawala alipotoka, babu akavuta upinde, akaachia. Mshale ukampata mnyama ubavuni. Akaruka juu, akabweka kama mbwa, akaingia msituni.

Hapo babu alipaswa kukaa kitako. Hakukaa. Aliniita, "Mjukuu wangu, lete taa upesi, tusimpoteze." Tukaingia msituni karibu kwa kukimbia. Tuliiona damu kwenye majani, matone makubwa, mekundu ya kuiva, karibu kuwa meusi. Tulipokwenda hatua kama 200 tukasikia kishindo mbele yetu. Mnyama alikuwa amelala chini; alipotusikia akainuka na kukimbia tena. Kisha manyunyu yakaanza. Baada ya nusu saa hapakuwa na damu wala unyayo. Tukarudi nyumbani tumelowa chapachapa, hatuna mnyama.

Asubuhi babu akaondoka peke yake kwenda kumtafuta. Jioni ikaingia; babu hakurudi.

Kisa hiki nitakimaliza baadaye. Kwanza tujifunze babu alikosea wapi.

(Hapa patakuwa na muziki mfupi. Wanafunzi wajadiliane: Je, babu alifanya makosa gani mpaka hapa?)

UWINDAJI KATIKA HISTORIA YETU

Ndugu wasikilizaji, uwindaji si jambo geni katika Usambara. Wazee husimulia kwamba hata utawala wa Wakilindi, uliokuwa na makao yake Vuga, ulianzishwa na mwindaji. Jina lake Mbega. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kilichotolewa tena na East African Literature Bureau mwaka 1962.

Mbega alitoka nchi ya Ngulu, akiwinda nguruwe kwa mbwa wake. Alipofika Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko. Siku moja walikwenda pamoja kuwinda nguruwe, na yule kijana akauawa na nguruwe. Mbega akaogopa, akakimbia na watu wake, mpaka akafika katika milima yetu. Wasambaa walikuwa wakulima, na nguruwe walikuwa wakiwaharibia mashamba. Mbega aliwaua nguruwe hao, akawapa watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Alimuua simba pia, akaitwa Simba Mwene, na watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao.

Katika habari hiyo yako mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, watu walimpenda mwindaji huyu kwa sababu kazi yake iliwafaa: mazao yalipona na nyama iliwafikia watu. Nyama iliyooza porini haimfai mtu. La pili, nguruwe alimuua mtoto wa mkubwa. Mnyama wa porini si mchezo, na mnyama mwenye jeraha ni hatari zaidi. Hata mbawala, ambaye watu humdharau kwa kuwa si mkubwa sana, akijeruhiwa na kukaribiwa huweza kumgeukia mtu kwa pembe zake zilizochongoka.

JINSI MSHALE UNAVYOUA

Sasa tuangalie kwa nini haraka ya babu ilikuwa kosa. Risasi ya bunduki hupiga kwa kishindo kikubwa, huvunja mifupa na kuharibu mwili ghafula. Mshale si hivyo. Chembe ya mshale, yaani chuma kile kilicho nchani, hukata. Mnyama hufa kwa sababu damu inamwishia mwilini au kwa sababu mapafu yameharibika. Jambo hili lahitaji muda.

Tufanye hesabu kidogo. Andikeni katika madaftari yenu. Katika kila kilo 100 za mwili wa mnyama kama huyu, mna damu kama lita 7. Basi mbawala dume mwenye uzito wa kilo 60 ana damu kama lita 4 na kidogo. Hataanguka mpaka apoteze kama theluthi moja ya damu hiyo, yaani karibu lita moja na nusu. Matone yale mnayoyaona juu ya majani ni kidogo sana. Damu nyingine inavuja ndani ya mwili, ninyi hamwioni.

Mnyama aliyejeruhiwa, asipofukuzwa, hufanya nini? Hukimbia mwendo mfupi, kisha husimama na kusikiliza. Akiona kimya, hulala chini mahali penye kichaka. Akishalala, damu inaendelea kumtoka, nguvu zinamwishia, mara nyingi hainuki tena. Lakini akifukuzwa, hofu humpa nguvu mpya. Hukimbia tena, hupanda mlima au huvuka korongo, na wakati mwingine damu huganda na kuziba jeraha, alama zikapotea. Hivyo mtu mwenye haraka humfukuza mnyama ambaye angemkuta amelala karibu. Wazee wetu walisema kweli: haraka haraka haina baraka.

WAHADZABE HUFANYAJE

Katika nchi yetu wako watu ambao hata leo hupata chakula chao kwa upinde. Nao ni Wahadzabe, wanaokaa karibu na Ziwa Eyasi, upande wa Karatu na Mbulu. Si wengi, ni kama watu 1,000 na zaidi kidogo. Upinde wao ni mgumu kuvuta, na mtoto wa kiume huanza kuuzoea angali mdogo sana.

Mhadzabe akimpiga mnyama mkubwa kwa mshale, hamkimbilii. Huangalia mnyama amekwenda upande gani, kisha hurudi kambini. Huko huwaambia wenzake. Baadaye, mara nyingi kesho yake asubuhi, hurudi na watu mpaka mahali alipompiga, na hapo ndipo huanza kufuata nyayo. Mmoja akipoteza alama, mwingine huiona. Wakimkuta mnyama amekufa, watu wako tayari wa kuchukua nyama kupeleka kambini.

Angalieni, ndugu zangu. Mtu ambaye chakula cha watoto wake kinategemea mshale wake, huyo ndiye anayengoja. Angeweza kukimbia kuliko babu yangu. Lakini amejifunza kwamba miguu haishindi subira.

KUSOMA DAMU

Sasa tufike kwenye kusoma. Mwanafunzi wa darasa la kwanza hujifunza herufi moja moja: a, e, i, o, u. Mwindaji naye ana herufi zake, na ya kwanza ni damu. Mwindaji akishampiga mnyama, hukumbuka mahali mnyama aliposimama, huweka alama hapo, kwa mfano tawi lililovunjwa, kisha huenda polepole kutazama damu na mshale kama umebaki. Damu humwambia jeraha liko wapi na angoje muda gani.

Damu nyekundu yenye povu imetoka katika mapafu. Mnyama huyo hafiki mbali. Mwindaji hungoja kama nusu saa, kisha hufuata.

Damu nyekundu ya kuiva, karibu na nyeusi, imetoka katika ini. Mnyama atakufa, lakini si upesi. Hapo hungoja muda wa saa 3 au 4, au zaidi. Damu aliyoiona babu yangu ilikuwa ya namna hii. Babu aliiona kwa macho yake, tena alijua maana yake, lakini hakuitii.

Damu kidogo iliyochanganyika na maji ya kijani au vipande vya majani yaliyotafunwa, yenye harufu ya kinyesi, imetoka tumboni. Hili ni jeraha baya kuliko yote. Mnyama hufa polepole na kwa maumivu makubwa. Akifukuzwa atakwenda mbali sana. Hungojwa saa 8 au zaidi, hata usiku kucha.

Damu nyingi mwanzoni, ambayo hupungua na kukoma, mara nyingi imetoka katika nyama ya paja au ya bega tu. Mnyama huyo huweza kupona.

Tena tone la damu lina umbo lake. Mnyama akisimama, tone huanguka na kuwa la mviringo. Akienda, tone hurefuka, na miiba yake midogo huelekea mbele anakokwenda. Damu iliyopakwa juu ya majani huonyesha jeraha liko juu kiasi gani mwilini. Ikiwa iko pande zote mbili za njia, mshale umepenya na kutokea upande wa pili.

KUSOMA NYAYO

Herufi ya pili ni unyayo. Kwato ya mbawala ina sehemu mbili nyembamba zilizochongoka mbele. Ya mbuzi imefanana nayo, lakini ncha zake ni butu zaidi. Ya nguruwe pori ni pana na ya mviringo, na katika udongo laini vikwato vidogo vya nyuma navyo huacha alama. Mkulima asiyejua tofauti hii huweza kumgombeza jirani yake kwa sababu ya mbuzi, kumbe aliyekula mahindi ni mnyama wa msituni.

Mnyama anayetembea kwa utulivu huacha nyayo zilizopangana vizuri. Anayekimbia hutanua kwato zake na kuchimba udongo kwa ncha. Mwenye jeraha la mguu huacha unyayo mmoja hafifu kuliko mingine, kwa sababu hataki kuukanyagia. Au huburuta ncha ya kwato na kuacha mstari.

Unyayo mpya una kingo kali. Wa zamani kingo zake zimebomoka, wadudu wamepita juu yake, au umetobolewa na matone ya mvua. Asubuhi katika milima yetu umande ni mwingi. Mnyama akipita, umande hudondoka, na njia yake huonekana kama mstari wa kijani kibichi katikati ya nyasi nyeupe. Jua likipanda, maandishi hayo hufutika.

Anayefuata nyayo atembee kando yake, asizikanyage. Nyayo zikae kati yake na jua, ili kivuli kidogo kilicho ndani ya kila unyayo kionekane. Kwa hiyo asubuhi na alasiri ni nyakati nzuri kuliko adhuhuri. Akipoteza alama, asihangaike huku na huku. Arudi kwenye alama ya mwisho aliyoiona, aweke kijiti hapo, kisha azunguke polepole, duara dogo kwanza, halafu kubwa zaidi. Ni kama ninyi mnapokwama katika neno gumu: mnarudi kwenye silabi mliyoijua, mnaanza tena hapo. Hamruki neno na kubahatisha.

(Hapa mwanafunzi mmoja achore ubaoni kwato ya mbuzi na ya nguruwe. Wengine waseme kama amechora sawa.)

MWANZO WA KIPUPWE

Kila wakati wa mwaka una shida yake. Mwishoni mwa kiangazi nyasi ni fupi na kavu, na mtu huona mbali. Lakini baada ya masika, mwezi wa Juni na Julai, nyasi bado ni ndefu, majani ni mazito, na huku kwetu ukungu na manyunyu huja bila taarifa. Damu iliyo juu ya jani huoshwa mara moja. Mnyama hulala hatua 5 kutoka njiani, na mtu akapita asimwone.

Hapo mwindaji hupata mtihani usio na jibu zuri. Akingoja, mvua itaosha alama. Akifuata upesi, atamfukuza mnyama. Babu yangu aliniambia baadaye kwamba jibu la mtihani huo liko kabla ya mshale kutoka. Mtu asiyeweza kumfuata mnyama, asimpige. Giza likiingia, asipige. Mvua ikitaka kunyesha, asipige. Mnyama akiwa mbali au ameelekeza kichwa kwake, asipige. Upinde uliolegezwa bila kutoa mshale si aibu. Aibu ni kumwacha kiumbe akiumia porini siku tatu kwa sababu ya tamaa ya mtu.

SHERIA YASEMAJE

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huingia taabuni. Sikusudii kuwatuma mwende kuwinda. Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, yakataza kuwinda bila leseni, iwe kwa bunduki, iwe kwa upinde. Tena yakataza njia nyingi za uwindaji ambazo zamani zilikuwa za kawaida, kama vile kutumia silaha zenye sumu, mashimo na mitego. Adhabu yake ni nzito.

Msitu nao una sheria yake, Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002. Msitu wa Magamba leo ni hifadhi ya mazingira asilia, nao husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Amani, upande wa mashariki wa milima yetu, ilifanywa hifadhi ya namna hiyo mwaka 1997. Mnyama aliyejeruhiwa akivuka mpaka na kuingia katika hifadhi, damu yake si kibali cha kumfuata huko. Na yeyote mwenye leseni ni lazima aisome: ni mnyama gani, ni wangapi, ni mahali gani, na mwisho wake ni tarehe gani. Neno moja tu usiloelewa humo laweza kukufikisha mahakamani.

Basi mkulima afanye nini mnyama akimharibia shamba? Atoe habari kwa serikali ya kijiji na kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Na ikiwa mnyama aliyejeruhiwa ameonekana karibu na makazi ya watu, msikusanyike na mbwa na watoto kwenda kumtazama. Zuieni watoto wasipite njia hiyo. Kisha pelekeni habari kwa maandishi, maana habari ya mdomo hubadilika kila inapopita. Yeyote anayejua kusoma alama, kama mlivyojifunza leo, na kuandika, kama mnavyojifunza kila siku, aweza kuandika barua kama hii:

"Kwa Mtendaji wa Kijiji. Leo tarehe 14 Juni, saa 12 asubuhi, nimeona damu na nyayo za nguruwe pori katika shamba langu la mahindi karibu na kijito. Damu ni mpya. Mguu mmoja wa nyuma unaburutwa. Nyayo zinaelekea korongoni, upande wa mashariki. Watoto hupita njia hiyo wanapokwenda shule. Naomba askari wa wanyamapori waarifiwe upesi. Ni mimi," kisha utie jina lako na kitongoji chako.

Barua hiyo ni fupi, lakini yaeleza lini, wapi, mnyama gani, ana hali gani, na hatari ni nini. Askari akiisoma anajua pa kuanzia.

MWISHO WA KISA

Sasa nimalize kisa cha babu. Asubuhi ile aliingia msituni peke yake. Alirudi mahali tulipoona damu ya mwisho, akazunguka duara dogo, kisha kubwa, kama nilivyowaeleza. Alasiri alimpata mbawala kando ya kijito, mbali ndani ya msitu. Alikuwa amekwisha kufa, tumbo limevimba, na nguruwe pori walikuwa wamekula sehemu ya nyama. Iliyobaki haikufaa kuliwa.

Babu alipokuwa amesimama pale, askari wa msitu walimkuta, upinde mkononi. Mmoja wao akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Babu akaitika, "Marahaba." Yule askari akamwuliza, "Mzee wangu, hukuliona bango pale njiani?"

Babu akajibu, "Nililiona."

"Limeandikwa nini?"

Babu akanyamaza. Bango lile lilikuwa limesimama pale miaka mingi. Lilisema: MSITU WA HIFADHI. USIINGIE BILA KIBALI. Babu alikuwa amepita chini yake mara nyingi, akidhani ni tangazo la watu wa barabara. Hakuwa na kibali cha kuingia msituni, wala cha kuwinda. Usiku ule alilala rumande. Alipofikishwa mahakamani alitozwa faini, akauza mtamba wake mmoja ili ailipe. Mtamba yule ndiye aliyetegemewa kutupa maziwa.

Hakumlaumu askari. Sheria haimsamehe mtu kwa sababu hajui kusoma, naye alijua hivyo. Aliporudi nyumbani alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mjukuu wangu, damu niliisoma, bango likanishinda."

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 67, babu aliingia darasa la watu wazima. Vijana wengine walimcheka. Yeye aliendelea, herufi kwa herufi, bila haraka, kama mtu anayefuata nyayo. Siku moja alinichukua, tukapanda pamoja mpaka kwenye lile bango. Akasimama mbele yake, akaweka kidole hewani, akasoma kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha tukageuka, tukarudi nyumbani. Upinde wake ulikuwa umetundikwa ukutani, nao ulibaki hapo mpaka alipofariki.

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo somo la leo. Kila jambo tunalolianza, tujiulize kwanza kama tutaweza kulifuata mpaka mwisho. Tukilifuata, twende kwa subira na kwa macho yaliyo wazi. Na alama zote zilizo njiani tuzisome, za udongoni na za ubaoni pia. Mstahimilivu hula mbivu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji kwenye mashamba ya mteremko. Mpaka hapo, kwaherini, na usiku mwema.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja makosa matatu aliyofanya babu kuanzia alipovuta upinde mpaka alipokamatwa.

2. Kwa nini mnyama aliyepigwa mshale asifukuzwe papo hapo?

3. Damu yenye povu yaonyesha jeraha la wapi? Damu iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa je?

4. Hesabu: Ikiwa kilo 100 za mwili zina lita 7 za damu, mbawala wa kilo 50 ana lita ngapi?

5. Andika barua fupi kwa Mtendaji wa Kijiji kumweleza habari ya mnyama aliyeonekana shambani kwako. Usisahau tarehe, saa, mahali na jina lako.

6. Tembea katika kijiji chako, utafute bango moja. Nakili maneno yake katika daftari, uje uyasome mbele ya wenzako.